Kuchagua Vifaa vya Umeme vya Konveta ya Fezi ya Kuzunguka kwa Karakana Yenye Umeme wa Fezi Moja

Karakana nyingi za useremala na za kukereza vyuma zimo katika nyumba zilizounganishiwa umeme wa fezi moja, ilhali mashine imara za mtumba zinazouzwa kwa bei ya kuvumilika, kama vile randa, misumeno na mashine za kukereza, huja na mota za fezi tatu. Konveta ya kuzunguka ni njia ya kuziendesha mashine hizo bila kusubiri nguzo mpya. Ndani yake kuna mota ya kawaida ya fezi tatu isiyofungwa mzigo wowote kwenye shafti, ambayo hapa nitaiita mota mama. Mota ya namna hiyo ikishaanza kuzunguka huendelea hata ikilishwa fezi moja tu, na rota yake, kwa kuwa imebeba uga wa sumaku unaozunguka nayo, huzalisha volti katika koili ambazo hazikulishwa moja kwa moja. Volti hiyo ndiyo fezi ya tatu tunayoitafuta.

Maelezo mengi ya kutengeneza konveta hii yameandikwa kwa mazingira ya Marekani, na hapo ndipo mafundi wetu wanapopotea. Kule nyumba hupata volti 240 kati ya nyaya mbili zote zenye moto, na hezi ni 60. Kwetu Tanzania ni volti 230, na Kenya ni 240, kati ya waya mmoja wenye moto na nyutro, na hezi ni 50. Tofauti hiyo inagusa kila kifaa utakachonunua: kibati cha mota, koili ya kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), ukubwa wa kapasita na hata namna ya kufunga ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Mfano nitakaoutumia ni karakana ya seremala yenye mita ya LUKU ya fezi moja na randa ya mashine yenye mota ya kilowati 3.

Kama una mota moja tu isiyozidi kilowati 2 hivi, nunua inveta inayopokea volti 230 za fezi moja na kutoa volti 230 za fezi tatu, kwani itakugharimu muda mfupi na itakupa nafasi ya kubadili mwendo. Konveta ya kuzunguka inaanza kuwa na maana pale mashine zinapokuwa mbili, tatu au zaidi na unataka zote zichote kwenye chanzo kimoja.

Hatua ya 1: Soma kibati cha mota ya mashine

Konveta itakayolishwa volti 230 itatoa volti 230 kati ya kila jozi ya nyaya zake tatu, haitatoa 400. Kwa hiyo mota ya mashine lazima iwe na uwezo wa kufanya kazi kwa volti 230 za fezi tatu. Tafuta kwenye kibati maandishi Δ/Y 230/400 V, au 220/380 V kwa mota za zamani. Maana yake ni kwamba koili zikifungwa delta zinataka volti 230, na zikifungwa nyota zinataka 400. Mota nyingi za hadi kilowati 3 hivi zimeandikwa namna hiyo, na hilo ni jambo la heri kwa seremala.

Fungua kifuniko cha boksi la terminali. Utaona misumari sita ya nati katika safu mbili: U1, V1, W1 juu, na W2, U2, V2 chini, pamoja na vipande vitatu vya shaba au vya pirasi. Mota iliyotoka kiwandani kwenye umeme wa volti 400 itakuwa na vipande vilivyolala, vikiunganisha W2, U2 na V2 pamoja. Hiyo ni nyota. Vitoe, visimamishe wima, ili U1 ishikane na W2, V1 na U2, W1 na V2. Hiyo ni delta. Kaza nati vizuri, maana nati iliyolegea hapa huunguza terminali polepole bila wewe kujua.

Ukikuta kibati kimeandikwa 400/690 V, au mashine inawashwa kwa swichi ya nyota-delta, mota hiyo haiwezi kulishwa moja kwa moja. Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni kuipeleka kwa fundi wa kusuka mota aisuke upya kwa volti 230 delta, yaani mizunguko ya waya igawanywe kwa 1.73 na unene wa waya, ukipimwa kwa eneo lake la kukatwa, uzidishwe kwa kiasi hichohicho. Ya pili ni kununua transfoma ya kupandisha volti 230 kuwa 400 kabla ya konveta, kisha mota mama nayo ifungwe kwa volti 400. Kwa bei za kusuka zilizopo katika miji yetu, mimi huchagua kusuka.

Hatua ya 2: Chagua mota mama

Kwa mashine zinazoanza bila mzigo mkubwa, kama randa na misumeno, mota mama iwe na kilowati mara 1.25 hadi 1.5 ya mota kubwa kuliko zote zitakazolishwa. Kwa kompresa au pampu, ambazo huanza zikiwa zimelemewa, iwe mara mbili. Randa yetu ya kilowati 3 inahitaji basi mota mama ya kilowati 4. Chagua yenye mwendo wa mizunguko 1,400 na kitu kwa dakika badala ya 2,800, kwa kuwa inatulia zaidi na beringi zake hudumu.

Sharti la kibati ni lilelile la 230/400, na hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Nilinunua mota ya mtumba ya kilowati 5.5, safi, yenye beringi nzuri, nikaifunga delta kama nilivyozoea. Ilichukua muda mrefu kupanda mwendo, na nilipowasha msumeno fezi ya tatu ikaanguka hata kontakta ya mashine ikaachia. Nilibadilisha kapasita mara tatu kabla ya kufuta vumbi la kibati na kusoma 400/690. Koili zilizosukwa kwa volti 400 zikipewa 230 hubakiwa na theluthi moja tu ya nguvu ya kuzungusha. Kuanzia kilowati 4 kwenda juu, mota zenye kibati cha 400/690 ndizo zilizojaa sokoni, kwa hiyo nenda dukani na kitambaa cha kufutia, na usitoe fedha kabla ya kusoma.

Mota ya mtumba ipimwe kabla ya kulipiwa. Toa vipande vya shaba, pima ukinzani wa koili moja moja. Zote tatu zilingane karibu sawasawa. Kwa kipima insulesheni cha volti 500, pima kati ya kila koili na bodi, yaani mwili wa mota, na kati ya koili na koili. Chini ya megaomu 1 iache, au ipelekwe ikaushwe na kupakwa vanishi. Zungusha shafti kwa mkono ukisikiliza beringi. Kisha nusa ndani ya boksi la terminali, kwa sababu vanishi iliyoungua ina harufu isiyofichika.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mkondo, waya na breka

Mota ya kilowati 3 ikifungwa delta kwa volti 230 huchukua takriban ampea 11 kwa kila waya. Hata hivyo, upande wa fezi moja hesabu ni nyingine, kwa kuwa nguvu yote inapita katika nyaya mbili. Randa ikikata kwa nguvu zake zote inavuta wati 3,600 hivi kutoka kwenye konveta, mota mama inapoteza wati 400 hadi 500 kwa joto na msuguano, na tukichukua pawafakta (uwiano wa nguvu inayofanya kazi na ile inayovutwa) ya 0.8 tunapata takriban ampea 22 kutoka kwenye mita. Kwa hiyo weka breka ya nguzo mbili ya ampea 32, aina ya C. Aina ya B inaweza kukata wakati mota mama inapoanza, kwani mkondo wa kuanzia unaweza kukaribia ampea 90. Nguzo mbili ni za lazima, ili L, yaani waya wenye moto, na nyutro zikatike kwa pamoja, kwa sababu ambayo nitaieleza katika hatua ya 7.

Waya wa shaba wa 6 mm² unatosha kwa umbali wa kawaida. Waya huo hupoteza milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita, kwa hiyo kwa ampea 25 na mita 25 unapoteza volti 4.6, jambo linalovumilika. Fundi akikushauri utumie 4 mm² kwa mita 40 ili kuokoa gharama, mwonyeshe kuwa utapoteza volti 11 randa inapokula ubao, na wakati wa kuwasha utapoteza mara kadhaa zaidi. Kwa umbali huo nunua 10 mm².

Kama taa za nyumba hufifia hata pasi inapowashwa, umeme wako ni dhaifu tangu kwenye nguzo. Katika hali hiyo acha kapasita za kuwashia, ufunge mota ndogo ya fezi moja yenye mkanda, ya nusu kilowati hivi, izungushe mota mama hadi karibu na mwendo wake ndipo uiwashe. Mkondo wa kuanzia utapungua sana.

Kazi ya kuunganisha kwenye bodi ya breka ya nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati ya Tanzania, au ya EPRA kwa walioko Kenya.

Hatua ya 4: Kapasita za kuwashia

Mota mama haiwezi kuanza yenyewe kwa fezi moja. Inavuma tu na kupata joto. Kapasita ya kuwashia, ikifungwa kati ya L na terminali ya tatu, ndiyo inayoisukuma ianze. Kwa volti 230 na hezi 50, anza na maikrofaradi 70 hadi 100 kwa kila kilowati ya mota mama. Kwa kilowati 4 hiyo ni 280 hadi 400, na unaweza kuipata kwa kufunga kapasita mbili za 200 sambamba. Mimi huchagua zilizoandikwa 330 V AC badala ya 250, kwa sababu volti ya fezi ya tatu hupanda wakati mota inapokaribia mwendo wake kamili.

Kapasita hizi ni zile nyeusi za mviringo, za elektroliti, na zimetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu kila mara. Zikiachwa ndani ya saketi kwa dakika nzima hupasuka na kumwaga majimaji yake. Kila moja ifungwe rezista ya kilo-omu 15, wati 5, kwenye terminali zake, ili chaji iishe ndani ya muda mfupi baada ya kutolewa. Bila rezista hiyo, ukizima na kuwasha tena, chaji iliyobaki hukutana na umeme mpya na kugandisha miguso ya kontakta. Tena fundi akigusa terminali hizo baada ya kuchomoa plagi atapigwa vibaya.

Hatua ya 5: Kapasita za kudumu

Hizi ndizo zinazosawazisha volti mota ikishakimbia, nazo hukaa ndani ya saketi muda wote. Usizichanganye kamwe na zile nyeusi. Za kudumu ni za plastiki ya polipropilini, mara nyingi ndani ya kopo la alumini, na zisomeke 450 V AC, 50/60 Hz. Ishike mkononi usome maandishi madogo, kwani yana habari kuliko jina la mtengenezaji. Ukiona 40/85/21, namba ya katikati ni joto la juu inaloweza kustahimili, nyuzi 85 za Selsiasi. Ikiandikwa 70 badala ya 85, iache, maana boksi lililofungwa chini ya paa la bati Dar es Salaam au Mombasa ni tanuri. Herufi ya daraja ni muhimu vilevile: B ni saa 10,000 za kazi, C ni saa 3,000. Alama P2 inaonyesha kuwa kopo limetengenezwa kujikata lenyewe linapoharibika, kwa kuvimba kwenda juu na kukata waya wa ndani. Kwa sababu hiyo acha nafasi ya sentimita mbili juu ya terminali zake na utumie waya laini wenye nyuzi nyingi. Ukilibana, halitaweza kujikata.

Kwa kuanzia weka maikrofaradi 10 kwa kila kilowati ya mota mama kati ya L na fezi ya tatu, na kiasi hichohicho kati ya nyutro na fezi ya tatu. Kwa mfano wetu ni 40 kila upande. Usinunue kopo moja kubwa. Nunua madogo ya 10, 20 na 30, kwa kuwa itabidi uongeze na kupunguza. Ukikuta namba katika maelezo ya Marekani, zizidishe kwa 1.2 kufidia tofauti ya hezi. Kapasita za kudumu nazo zifungwe rezista ya kumalizia chaji, ila kubwa zaidi kwa omu, kilo-omu 220 za wati 1, maana hiyo inalishwa muda wote.

Kapasita bandia zipo, tena nyingi, na hujulikana kwa kuwa nyepesi na ndogo kuliko wenzake wa namba ileile. Njia ya hakika ni kuipima: fundi aiunganishe na umeme kupitia fyuzi, asome volti na ampea kwa klampu mita (kipimo kinachobana waya), kisha azidishe ampea kwa 3,183 na kugawanya kwa volti. Ya maikrofaradi 40 kwa volti 230 lazima ipitishe ampea 2.9. Ikisoma 2.1, umeuziwa maikrofaradi 29.

Hatua ya 6: Kontakta na saketi ya kuwashia

Kontakta kuu iwe ya ampea 32 kwa daraja la AC-3. Muuzaji anaweza kukuonyesha namba kubwa zaidi iliyoandikwa AC-1. Hiyo ni ya hita, si ya mota. Ya pili, ya kuingiza kapasita za kuwashia, nayo iwe ya ampea 32, kwani maikrofaradi 400 hupitisha ampea 29.

Angalia maandishi karibu na A1 na A2, terminali za koili yake. Kontakta nyingi madukani zina koili ya volti 380 au 415, nazo hazitavuta kwa 230. Dai koili ya 220 hadi 240 V, 50 Hz. Koili zote zilishwe kutoka L na nyutro halisi. Ukiilisha koili kutoka fezi iliyozalishwa, kila mota ya mashine inapoanza volti itashuka, kontakta itatetemeka na miguso yake itaungua. Sheria hiyo inahusu pia kontakta, taa na transfoma ndogo zilizomo ndani ya mashine: zifuatilie waya kwa waya, uhakikishe hazijaangukia fezi ya tatu.

Kwa kutoa kapasita za kuwashia, taima ya kuchelewesha inayorekebishwa kuanzia nusu sekunde hadi sekunde 10 inapatikana kwa urahisi, na sekunde moja au mbili zinatosha. Kitufe cha kushikilia kwa kidole kinafanya kazi, lakini sikipendekezi mahali penye vijana wanaojifunza. Kontakta kuu ijishikilie yenyewe kwa mguso wake msaidizi, ili umeme ukikatika iachie, na ukirudi mashine isianze mpaka mtu abonyeze tena. Kwa umeme wetu unaokatika na kurudi bila taarifa, huku mkono wa mtu ukiwa juu ya kisu cha randa, sehemu hii usiiruke.

Hatua ya 7: Ulinzi na ethi

Relei ya joto ya kulinda mota mama isifungwe kama kawaida ya fezi tatu, kwani relei nyingi za sasa hugundua fezi isiyolingana na kukata, nayo mikondo ya mota mama hailingani. Ifunge kwenye njia inayokwenda mota mama peke yake, baada ya tawi la mashine: L ipite nguzo ya kwanza kisha irudishwe ipite ya pili, na nyutro ipite ya tatu, hivyo hakuna nguzo itakayobaki bila mkondo. Kila mashine iwe na breka yake ya nguzo tatu, ampea 16 kwa randa yetu, na relei yake ya joto iliyowekwa kwenye ampea za kibati kwa upande wa delta. Relei iliyokuja na mashine huenda imewekwa kwa volti 400, yaani ampea 6 na kitu, itakuwa ndogo.

Kumbuka kuwa moja ya fezi zako tatu ni nyutro. Inabeba mkondo kamili, na siku waya wa nyutro unapokatika nje, itakuwa na moto. Usiiunganishe na bodi ya mashine kwa namna yoyote. Bodi ya mota mama, boksi na mashine zote ziwe na waya wa ethi wa kijani na njano unaorudi hadi kwenye ethi kuu ya nyumba, na fezi iliyozalishwa iwekewe waya mweusi pekee ili isichanganywe na nyingine. Breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, inafanya kazi vizuri kabla ya konveta, kwa sababu mkondo wa fezi ya tatu nao huingia na kurudi kupitia L na nyutro.

Boksi la vifaa liwe la IP54, daraja la kuzuia vumbi na maji ya kurushwa, mahali penye vumbi la mbao.

Hatua ya 8: Pima na rekebisha

Washa mota mama peke yake. Klampu mita inaweza kusoma ampea 10 hata bila mashine yoyote, jambo linalowatisha wengi. Sehemu kubwa ya mkondo huo haihesabiwi na LUKU, ingawa zile wati 400 au 500 zinahesabiwa, kwa hiyo zima unapokwenda kula. Kapasita ya kudumu ya maikrofaradi 60 kati ya L na nyutro, baada ya kontakta kuu, itapunguza ampea hizo na kuipumzisha waya.

Kisha washa randa na uilishe ubao wa kawaida wa kazi zako, mwenzako akipima kwenye terminali za mashine. Tuseme L na nyutro zinasoma 226, L na fezi ya tatu 207, nyutro na fezi ya tatu 216. Zima, subiri chaji iishe, ongeza maikrofaradi 10 upande uliosoma 207, upime zote tatu upya, kwa kuwa kapasita ya upande mmoja husogeza volti za pande zote mbili. Bila mzigo fezi ya tatu itapanda juu ya 240, na hilo ni la kawaida. Ikivuka 260, punguza. Randa ikizunguka kinyume, badilishana nyaya mbili kwenye boksi la terminali la mota yenyewe, si kwenye ingizo la mashine, usije ukahamisha koili ya kontakta kwenye fezi ya tatu. Tofauti kati ya volti ya juu kabisa na ya chini kabisa ikishuka chini ya 10 wakati visu vinakula ubao wa mninga, andika ukubwa wa kila kapasita kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa boksi, ulifunge.